Oganda na Mvua: Ufundi wa Grace Ogot

Seme, nchini Kenya, ambayo mji wake ni Kombewa, imepakana na Asembo, alikozaliwa mwandishi Grace Ogot mwaka 1930. Ni nchi ya ziwa, lakini mvua ikichelewa mahindi hukauka maji yakiwa tele mbele ya macho. Huko Ujaluoni wasichana walilala katika nyumba ya nyanya, siwindhe, wakisikiliza ngano ziitwazo sigana. Ogot naye alikulia kwenye ngano za nyanya yake, na hadithi yake The Rain Came, iliyomo katika mkusanyiko Land Without Thunder wa 1968, ina sauti hiyo.

Kisa ni kifupi. Ukame umezidi. Mganga Ndithi ameoteshwa na mizimu kwamba mvua haitanyesha mpaka Oganda, binti wa mtawala Labong'o, atolewe kwa zimwi la ziwani. Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, Mgiriki Euripides aliandika tamthilia inayofanana nayo: mfalme Agamemnon anatakiwa kumtoa sadaka binti yake Iphigenia ili merikebu za Wagiriki ziweze kwenda vitani Troya. Swali ni lile lile: jambo likishaamuliwa juu, binadamu amebakiwa na hiari gani?

Tazama Ogot anavyolifuma. Iphigenia anaitwa kwa hadaa kwamba anakwenda kuolewa na shujaa Achilles. Oganda hadanganywi na mtu. Anajua tu kwamba wakubwa wamejifungia wanamzungumzia, basi anakata shauri kuwa wanamchagulia mume. Anawapitia wachumba mmoja mmoja, anawatoa kasoro, kisha moyo unatua kwa Osinda, aliyempa mkufu anaouvaa kiunoni. Sisi tunajua, yeye hajui. Ogot hana haraka. Anamwacha atabasamu, nasi tunaumia.

Kisha safari ya ziwani. Mtoto anachomoka katika umati na kumpa kipuli: akifika kuzimu ampe dada yake, aliyekufa juma lililopita akakisahau. Oganda anakipokea, naye anampa mtoto maji na chakula chake. Ndivyo hiari inavyojitokeza, bila hotuba. Iphigenia, baada ya kulia na kusihi, anageuka ghafla na kukubali kufa kwa ajili ya Wagiriki, jambo ambalo mwanafalsafa Aristotle alililaumu. Oganda anaendelea kuogopa, ila hata katika hofu hiyo bado ana cha kutoa.

Mwishoni Osinda anatokea, anamfunika kwa vazi la matawi ili mizimu isimwone, na wanakimbia. Hapo ngurumo, hapo mvua. Katika mapokeo ya Kigiriki, mungu wa kike Artemis mwenyewe ndiye anayemwokoa binti na kuweka paa mahali pake; aliyedai sadaka ndiye anayeisamehe. Kwa Ogot mwokozi ni kijana mwenye matawi mikononi. Je, mizimu ilihadaika? Iliridhika na nia? Au mvua ilikuwa njiani siku zote, na ndoto ya Ndithi ilikuwa ndoto tu? Mwandishi mwenye papara angetujibu. Ogot anamaliza na mvua, hukumu anatuachia sisi.

Mwalimu wa fasihi, uwe Kombewa au kwingineko: siku utakayotaka kufundisha majaliwa na hiari, usianze na Wagiriki. Anza na Oganda, kisha wafuate wao.