Wimbo Uliotungoja

Tulipokuwa watoto hapa Mpemba, wimbo mzuri ulikuwa ule unaopigiwa makofi. Shule ya Jumapili ilikuwa na ngoma na kayamba, na maneno hatukuyajali. Hata shuleni, tukiwa mstarini asubuhi, tuliimba "Mungu Ibariki Afrika" huku tukiwaza uji, bila kujua kwamba tunasali. Mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, yakiwa ya wimbo wa kanisani. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, watoto wa Zambia huimba wimbo wao wa taifa kwa mahadhi hayohayo. Sala ile tuliibeba mdomoni miaka mingi kabla haijashuka moyoni.

Ukaja ujana. Kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, penye malori na vibanda, redio zilipiga Bongo Fleva na nyimbo za Zambia, nasi tuliziimba zote. Wazazi walihofu tumepotea. Kilichoturudisha wengi wetu kanisani, tuseme kweli, ni kinanda cha kwaya ya vijana. Tulicheza "Nibebe" wa Rose Muhando mpaka jasho likatutoka. Lakini wimbo huo unaomba nini? Unaomba kubebwa. Anayeomba kubebwa ni mtu aliyechoka, ambaye miguu yake haimfikishi. Sisi hatukuwa tumechoka na lolote, kwa hiyo tulisikia ngoma tu.

"Yesu Kwetu ni Rafiki," ulio katika Tenzi za Rohoni, tuliuita wimbo wa wazee. Tuliona unavuta miguu. Hatukujua kwamba Joseph Scriven aliandika maneno yake mwaka 1855, akiwa Kanada, ili kumfariji mama yake mgonjwa aliyekuwa Ireland, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amefiwa na mchumba wake. Tuliuelewa siku tulipokaa matangani. Umeme umekatika, spika zimenyamaza, hakuna mwenye neno la kumwambia mfiwa. Mama mmoja akaanzisha utenzi ule kutoka kwenye mkeka, na watu wote wakaupokea gizani, kila mmoja kwa sauti yake. Maneno tuliyoyakariri bila kuyapenda yalikuwa yanatungoja.

Je, tuseme basi kwamba wazee ndio wenye kujua muziki? Hapana. Zaburi ya 96 inatuamuru kumwimbia Bwana wimbo mpya, na hata tenzi zetu zilikuwa mpya siku moja. Isitoshe, "Nibebe" ukiuondolea ngoma, sala inabaki. Hicho ndicho kipimo chetu: vyombo vikinyamaza, kinabaki nini?

Kwa kipimo hicho, nyimbo nyingi zinazopendwa sasa zinapungua. Ukizima kinanda, kinachobaki ni adui aliyeaibishwa, jirani anayeona wivu, na mimi niliyeinuliwa. Ni kweli kwamba Zaburi nazo zina maadui. Lakini zina toba pia, zina machozi, na ile ya 13 inaanza kwa kumlalamikia Mungu mwenyewe. Mtoto anayelelewa kwa nyimbo za ushindi peke yake ataimba nini siku ambayo hakushinda? Siku biashara imekufa, au mtoto wake ameombewa na hakupona? Atadhani Mungu amemwacha, au kwamba imani yake ni ya bandia. Tunao wenzetu wa rika letu waliotoka kanisani kwa mlango huo. Hawakumchukia Kristo. Walikosa tu wimbo wa kuimba wakiwa wameshindwa, wakaona aibu kukaa kimya kati ya wanaoshangilia.

Kwa hiyo tunaziomba kwaya zetu jambo dogo: kila wimbo mpya uimbwe mara moja bila chombo chochote kabla ya kupelekwa mbele ya usharika. Ukisimama, upigiwe vyombo vyote. Na sisi watu wazima tusijifiche nyuma ya tenzi. Yule mzee wa Zaburi ya 71, ambaye Mungu alimfundisha tangu ujana wake, ana mvi lakini bado anataka kumsifu Mungu kwa kinanda na kinubi. Hakuwaachia vijana vyombo kisha akabaki akinung'unika.

Jumapili ijayo watoto wetu watapiga makofi wala hawatasikiliza maneno. Tuwaache wapige. Sisi tulikuwa hivyohivyo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba maneno tunayowatia mdomoni leo yatafaa kuimbwa usiku ule, gizani, watakapoyahitaji.