Mwimbaji kama Mhakiki wa Sanaa Yake: Prabha Atre na Hoja ya Sargamu

Prabha Atre (1932–2024), mzaliwa wa Pune nchini India, ni miongoni mwa waimbaji wa muziki wa kijadi wa Kihindustani walioheshimika jukwaani na katika taaluma. Alisomea sayansi na sheria, kisha akajikita katika muziki chini ya Sureshbabu Mane na dada yake, Hirabai Badodekar. Wawili hao walikuwa watoto wa Abdul Karim Khan, gwiji wa gharana ya Kirana, yaani ukoo wa kisanaa unaorithisha mtindo kutoka kwa guru hadi kwa mwanafunzi. Baadaye Atre aliongoza idara ya muziki katika Chuo Kikuu cha Wanawake cha SNDT, Mumbai.

Suala la msingi linaloibuka ni iwapo msanii anaweza kuihakiki sanaa anayoitenda mwenyewe bila kujipendelea. Utafiti wa udaktari wa Atre ulihusu sargamu, yaani uimbaji wa majina ya noti (sa, re, ga, ma) badala ya maneno ya wimbo. Wapinzani wa mbinu hiyo hudai kwamba humrejesha msikilizaji darasani pale anapotarajia hisia. Atre alishikilia kuwa silabi hizo ni malighafi kamili ya kisanaa. Hoja hii ina mashiko. Matini ya khayali huwa ni mistari michache tu. Uzito wake hubebwa na ukuzaji wa raga. Sargamu huongeza konsonanti, nazo huzaa mapigo ambayo irabu iliyorefushwa haiyatoi kwa urahisi.

Hata hivyo, Atre mwenyewe alisifika kwa sargamu. Hivyo, nadharia yake yaweza kusomwa kama utetezi wa koo lake. Shaka hiyo inapunguzwa na mambo mawili. Kwanza, rekodi zake za raga Maru Bihag na Kalavati zinamwezesha msikilizaji kupima iwapo sargamu inaiendeleza raga au inaikatiza. Pili, alihoji pia kanuni ya kuifunga kila raga na saa maalumu ya siku, kanuni ambayo mapokeo yaliyomlea yaliiheshimu.

Kwa hiyo, ukaribu wa mtendaji na sanaa yake si sababu tosha ya kuukataa uhakiki wake. Anachodaiwa ni kutoa mifano ya wazi itakayowawezesha wengine kumkosoa. Na Atre aliitoa.