Fundi Asiyegusa Kazi

Kazi inaanza na glasi ya maji, chumvi ya mezani na dadu ya ludo. Chumvi inakorogwa mpaka maji yakatae kumeza zaidi, kisha dadu inatumbukizwa. Ikielea, mzee anaisukuma kwa kidole, anangoja itulie, anatazama upande uliokuja juu, anaisukuma tena. Dadu inayoleta juu upande uleule kila mara ina uzito uliolala sehemu moja, nayo huwekwa kando. Ya kwanza ilikataliwa. Ya pili pia. Ya tatu ilizunguka ikaleta nne, ikaleta mbili, ikaleta tano, ndipo mwanamke aliyeketi ng'ambo ya meza akasema, "Hiyo tunaweza kuiamini, Mwalimu. Ikaushe."

Chumba cha mwanamke huyo kiko Makutano, mjini Meru, ghorofani juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Kina meza, viti vitatu na pazia zito. Alikuwa wakala wa M-Pesa miaka mingi kabla hajaanza kufundisha watu kutunza bitcoin zao. Mzee ni mwalimu mstaafu kutoka Runyenjes, upande wa Embu, na alikuwa amepanda matatu ya asubuhi kupitia Chuka. Bintiye anafanya kazi ng'ambo na amezoea kumtumia akiba kwa bitcoin. Mpaka siku hiyo akiba hiyo ilikaa ndani ya programu ya simu ambayo mzee aliwekewa na mjukuu, na nenosiri alilijua mjukuu.

Mama huyu ana sharti moja ambalo halina msamaha: hagusi simu ya mtu, hagusi kifaa chake, hagusi karatasi yake. Huvuta kiti nyuma kidogo, akaweka mikono mapajani, na hapo mikono hubaki. Nimetazama mafundi wengi wakifanya kazi, waashi, washonaji, wachonga mawe, na kwa wote macho hukimbilia vidole. Kwake macho hayapati pa kukimbilia. Vidole vinavyofanya kazi ni vya mzee, vizito na vyenye chaki ya miaka thelathini, na ufundi wote unapita kwa sauti.

Dadu ina sababu yake. Bitcoin haikai ndani ya simu wala ndani ya kifaa. Iliyopo ni leja ya hadhara iliyosambaa kwenye kompyuta za dunia nzima tangu Januari 2009, na anayeweza kuhamisha kiasi fulani katika leja hiyo ni yule anayejua namba fulani kubwa mno ya siri. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Ikikisiwa na mtu mwingine, mali imekwenda, kwa hiyo ni lazima itokane na bahati tupu. Kifaa cha kutunzia namba hiyo kinaweza kuizalisha chenyewe, lakini mama hupenda mwenye mali aone kwa macho yake bahati hiyo ikitoka wapi. Dadu inarushwa mara 99 juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isiruke, na kila mara mzee anabonyeza tarakimu iliyotoka. Mwishoni kifaa hugeuza mfululizo huo kuwa maneno 24 ya Kiingereza, yaliyochotwa kwenye orodha moja ya maneno 2,048 inayotumika dunia nzima. Mwenye maneno hayo, kwa mpangilio wake, ndiye mwenye mali.

Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko kiberiti, na kilifika kikiwa kimefungwa, kimeagizwa moja kwa moja kwa mtengenezaji. Mama alimwonyesha mzee jinsi ya kukagua mshono wa pakiti kwa kucha kabla ya kuipasua. Kuna matapeli wanaouza vifaa hivi kwa bei ya kutupa, ndani ya boksi pakiwa na kikaratasi chenye maneno 24 yaliyokwisha kuandikwa, kana kwamba ni huduma ya bure kwa mteja. Anayeyatumia huwa anaweka akiba yake kwenye mfuko ambao mwenziwe anao tayari.

Dadu ilipoanza kurushwa tuligeuzwa tukatazama ukuta, mimi na mama. Mrusho mmoja baada ya mwingine, tk, kimya, kubonyeza, tk. Hakuharakisha. Mzee alipofika kama katikati akachoka, akauliza kama zilizotoka hazitoshi. "Zinatosha kwa maneno kumi na mawili, Mwalimu," alijibu akitazama ukuta. "Lakini wewe ulitaka ishirini na manne." Mzee akacheka, akaendelea.

Maneno yalipotokea aliyaandika kwanza kwa penseli, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Karatasi ni ya muda tu. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya ukungu huingia mpaka ndani ya kabati, na panapokauka mchwa hufika. Kwa hiyo kuna bamba la stenlesi, la ukubwa wa kiganja, ambalo fundi wa jua kali huko Gakoromone hulikata na kulipiga msasa bila kujua ni la nini. Stenlesi huyeyuka karibu na nyuzi 1,400 za Selsiasi, joto ambalo nyumba inayoungua kwa kawaida hailifikii. Kando ya bamba kuna seti ya vijiti vya chuma vyenye herufi kwenye ncha moja, aina ileile mafundi wanayotumia kugonga namba kwenye chuma, na nyundo ya ratili moja.

Orodha ile imepangwa kwa namna ambayo herufi nne za kwanza zinatosha kulitambulisha kila neno, hivyo kazi ni ya herufi zisizozidi 96. Ni nyingi kwa mkono ambao haujazoea. Juma lililotangulia mzee alikuwa amepewa kipande cha bati nene aende akajifunzie nyumbani, akagonge jina la mke wake mpaka mistari inyooke. Sasa aliweka kijiti wima, akakishika karibu na ncha ili kisiteleze, akagonga.

Hapo ndipo nilipoelewa ninatazama nini. Mama alikuwa bado ameelekea ukutani, macho yameshuka sakafuni, na anasikiliza. Pigo zuri lina mlio mmoja mfupi. Kijiti kikiruka kina milio miwili, wa pili mwembamba, na chuma huachwa na herufi yenye kivuli. "Hiyo imeruka," alisema. "Rudisha ncha mlemle, usiinue mpaka uisikie imekaa, kisha pigo moja." Baadaye mlio ukawa mfu. "Bamba limesogea ukingoni mwa meza. Lirudishe katikati." Na tena, baada ya kimya kirefu kidogo: "Kama umefika kwenye W, hakikisha hujashika M." Hakujua mzee amefika herufi gani. Alijua tu kwamba mkono unaositasita hivyo mara nyingi umeshika kijiti na kukitilia shaka. Mzee alikigeuza kijiti bila kusema lolote.

Bamba likaisha, mzee akalifunika kwa kitambaa, nasi tukaruhusiwa kugeuka. Wengine wangepongezana na kuagiza chai. Mama alisema, "Sasa futa kila kitu kwenye kifaa." Mzee alimtazama kama aliyeambiwa achome nyumba aliyomaliza kuezeka. Lakini ndiyo hatua inayofuata: kifaa kinarudishwa utupu, karatasi ya penseli inawekwa kando, na maneno yanaingizwa upya kutoka kwenye chuma peke yake. Neno la mwisho la orodha limebeba hesabu inayotokana na yale mengine, hivyo ukikosea neno moja kwa kubahatisha, kuna nafasi moja tu kati ya 256 kwamba kifaa kitalikubali. Na hata hiyo moja hunaswa, kwa sababu kabla ya kufuta mzee alikuwa amenakili anwani ya kwanza ya kupokelea, na baada ya kurejesha lazima iwe ileile, herufi kwa herufi.

Walisoma anwani hiyo pamoja, mzee akisoma kwenye kifaa, mama akifuata kwenye nakala aliyoshikiwa mbele ya macho. Anwani si siri. Hata mimi niliruhusiwa kuiona. Ina herufi na tarakimu 42, inaanza na bc1, na baada ya hapo huikuti tena 1, wala b, wala i, wala o, kwa kuwa walioubuni mpangilio huo waliona jinsi macho yanavyochanganya alama zinazofanana. Zilisomwa nne nne, zote. Wengi husoma mwanzo na mwisho tu, na wapo wezi wanaotengeneza anwani zenye mwanzo na mwisho kama wako, na programu chafu zinazobadilisha anwani uliyonakili kabla hujaibandika. Karatasi ya penseli ilichomwa kwenye kopo.

Binti akatuma kiasi kidogo cha majaribio, cha bei ya kilo ya sukari. Kwa wastani bloku mpya, yaani fungu la miamala, huongezwa kwenye leja kila dakika kumi, lakini wastani haumpi mtu ahadi, na siku hiyo bloku ya kwanza ilichelewa. Nduma zikaletwa. Mzee akakumbuka 2007, biashara za piramidi zilipoanguka nchini zikabeba akiba za walimu wenzake. Mama akakumbuka masoko ya sarafu hizi, ya karibu zaidi: LocalBitcoins ilifunga milango Februari 2023, Paxful ikasimamisha kazi Aprili mwaka huohuo, na kabla ya hapo, Novemba 2022, FTX ilianguka na fedha za wateja wake. Waliokuwa wamehamishia mali yao kwenye funguo zao wenyewe walisoma habari hizo kama habari.

Serikali nayo imesogea polepole. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi kwamba sarafu hizi hazina mlinzi. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2025, Rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali pepe, inayowataka wapate leseni chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kodi ya asilimia 3 iliyoletwa 2023 imekwisha kuondolewa, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Mama anaijua sheria hiyo vizuri, na ni sababu nyingine ya kutogusa sarafu ya mtu: anauza masomo.

Kiasi cha majaribio kilipothibitishwa, kilichobaki kikafuata. Sasa kuuza. Mzee alitaka shilingi za mbolea kabla ya mvua, na akaunti yake kwenye jukwaa la kuuziana mtu kwa mtu ilikuwa kwa jina lake na kitambulisho chake. Jukwaa huzishikilia bitcoin za muuzaji mpaka akubali kwamba amelipwa. Ugumu wote uko kwenye kule kukubali. Shilingi ya M-Pesa inaweza kudaiwa irudi, kila Mkenya anaijua 456. Bitcoin ikishatoka haina wa kupigiwa simu.

Mnunuzi wa kwanza alitoa bei nono kupita soko, kisha akaandika kwamba pesa itatoka kwa simu ya mke wake. Mama hakusema neno. Alimtazama mzee tu, na mzee, aliyekuwa amefundishwa, akafuta biashara. Pesa inayotoka kwa jina tofauti na la mnunuzi huenda ni ya mtu anayetapeliwa saa hiyohiyo mahali pengine, akiambiwa ananunua simu au shamba, na polisi watakapoifuata wataikuta kwako.

Wa pili alikuwa na historia ndefu ya biashara zilizokamilika. Akalipa, akatuma picha ya ujumbe, akaandika kwamba yuko kwenye foleni ya hospitali na ana haraka. Mzee akaweka kidole juu ya kitufe cha kuachilia. "Mwalimu," mama alisema kwa upole, "picha ni ya kwake. Ya kwako iko wapi?" Wakaanza. Ujumbe umeingia kwenye uzi uleule wa MPESA wenye jumbe zote za zamani, au umetoka kwa namba ya kawaida? Uzi uleule. Jina? Ni lile la kwenye jukwaa, majina yote. Kiasi? Sawa. Kisha akamwambia auache ujumbe kabisa, apige *334#, aangalie salio. Mzee alikuwa ameandika salio la mwanzo kwenye kibahasha. Akajumlisha kwa kalamu, kama anayesahihisha daftari la mtoto, akalinganisha. Mnunuzi aliandika mara mbili zaidi kuhusu foleni. Hesabu ilipokubali, mzee akaachilia.

Nilidhani kazi imekwisha. Mama akauliza mama watoto atakuja lini.

Kwa vikundi vya familia huwa anapendekeza funguo tatu ambazo mbili zinatosha kuidhinisha, sawa na chama chenye watia saini watatu benki, moja ikae Meru, moja Embu, moja Nairobi. Kwa watu wawili wazee wenye akiba ndogo aliona hiyo ni kamba ya kujikwaa. Walihitaji bamba moja, barua ya maelezo isiyo na maneno yale, na mtu wa pili anayeweza kufanya yote bila mume wake.

Wiki iliyofuata mke alikuja na miwani yake na kitambaa chenye bamba. Kifaa kilifutwa tena. Mzee aliambiwa asubiri dukani chini. Sote wawili tuliobaki tukageukia ukuta, na kwa karibu saa nzima hatukusikia ila vitufe. Mahali fulani alikosea, maana kifaa kililia kwa kukataa, akanung'unika kwa Kiembu, akaanza upya kutoka neno la kwanza. Mama hakufungua mdomo. Aliposikia kiti kikisogea aliuliza tu kama anwani inalingana. Inalingana, mke alisema, nne nne, zote.

"Basi mwite Mwalimu," mama akasema, "aje alipe."