Lango Ambalo Utamaro Hakulichora

Kitagawa Utamaro wa Japani alisifika kwa picha za wanawake, zilizochongwa kwenye ubao kisha zikapigwa chapa kwenye karatasi. Karibu mwaka 1794 alitoa picha 12 za wanawake wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Zamani zile Wajapani walihesabu saa 12 tu, usiku na mchana, na kila saa ina picha yake.

Mimi naipenda ile ya saa ya Ng'ombe, kama saa nane usiku kwetu. Dada ameamka, usingizi bado umemjaa machoni. Ameshika karatasi iliyosokotwa inayowaka, ndiyo taa yake, na mguu unatafuta ndala. Hapo hamfurahishi mteja yeyote. Amechoka tu, na Utamaro ameuona huo uchovu.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Yoshiwara ilizungukwa na mtaro wa maji, na lango kuu lilikuwa moja. Wengi waliuzwa na wazazi maskini wangali watoto, deni likawafunga humo. Nyuma ya huyu dada hakuna mtaro wala lango. Aliyeinunua picha aliona nguo nzuri, basi.

Sisi tunaoomba karatasi ya kutoka kambini tunajua: ukimchora mtu bila lango, ataonekana kama amekaa kwa kupenda. Wewe unayekuja na kamera, piga na lango pia.