Sifa za Beinn Dòbhrain na Taabu ya Mfasiri

Katika ushairi wa Kigaeli cha Uskoti ni machache yanayomjua mnyama wake kama "Moladh Beinn Dòbhrain", utungo wa kuusifu mlima wenye urefu wa mita 1,076. Mtunzi wake, Donnchadh Bàn Mac an t-Saoir (1724–1812), hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa mlinzi wa wanyama wa mawindo katika nchi hiyo, na tungo zake ziliandikwa na wengine, zikapigwa chapa Edinburgh mwaka 1768.

Wahakiki hulisifu shairi hili kwa mandhari yake. Naona sifa hiyo haitoshi. Mandhari hutazamwa na mtu aliyesimama. Huyu atazama kama mtu atambaaye. Kule juu hakuna mti. Mwindaji hana budi kukaa upande uendako upepo na kusogea kifudifudi katika mifereji ya udongo mweusi uliolowa, kwani ayala humnusa binadamu kabla ya kumwona. Kwa hiyo kila bonde, kila chemchemi na kila jani aliwalo na mnyama vinapotajwa, si mapambo hayo, ni maarifa ya kazi. Hata umbo lafuata muziki wa zumari la mfuko: mwendo wa taratibu, kisha wa haraka, kwa zamu, mpaka mbwa waachiliwe mwishoni.

Mfasiri wa Kiswahili atajikwaa kwenye neno "frìth". Kiingereza hulitolea neno ambalo kamusi zetu huliita msitu. Kumbe ni nyika ya milimani iliyotengwa kwa mawindo. Aandikaye "msitu" amempa mwindaji miti ya kujifichia, na shairi zima limeharibika. "Kulungu" nalo halifai: pembe za kulungu hazianguki, na za ayala dume huanguka kila mwaka. Nachagua "ayala", neno la Zaburi ya 42, ijapokuwa wengi wamelisikia kanisani tu. Lakini Kigaeli kina "eilid", "damh" na "laogh" kwa jike, dume na ndama; sisi twalazimika kuongeza neno, na mshororo warefuka.

Mwaka 1802 mtunzi, akiwa mzee, aliiaga milima hiyo katika "Cead Deireannach nam Beann": ayala wametoweka, kondoo wamejaa. Tungo hizi mbili zifasiriwe pamoja. Ile ya kwanza ikiwa peke yake yasomeka kama furaha tupu.