Bakteria Chini ya Ute: Hadubini Ilivyofumbua Fumbo la Vidonda vya Tumbo

Habari za kugunduliwa kwa bakteria wa vidonda vya tumbo humtaja kwanza Barry Marshall, daktari wa Australia aliyekunywa bakteria hao mwaka 1984 ili kuthibitisha hoja yake. Kitendo hicho kilihitaji ujasiri, lakini sicho kilichofungua njia. Njia ilifunguliwa na usomaji makini wa ukuta wa tumbo kwa hadubini, na uzito wa usomaji huo haukuwa katika kuwaona bakteria tu, bali katika kubaini wamekaa wapi.

Ukuta wa ndani wa tumbo umefunikwa kwa safu moja ya seli ndefu zinazotoa ute. Safu hiyo hubonyea na kufanya vishimo vingi, na chini ya vishimo hivyo kuna tezi zenye seli za kazi mbalimbali. Baadhi hutoa asidi. Nyingine hutoa pepsinojeni, ambayo asidi huigeuza kuwa pepsini ya kumeng'enya protini. Katika uwazi wa tumbo, pH huweza kushuka hadi 1 au 2, ilhali chini ya ute, kwenye uso wa seli, hukaribia 7. Waliosema tumbo halikaliki na kijidudu kwa sababu ya asidi walikuwa sahihi kuhusu uwazi wa tumbo, wakakosea kuhusu ukuta wake.

Mwaka 1979, mwanapatholojia Robin Warren wa Royal Perth Hospital aliona mstari hafifu wa buluu juu ya seli za kipande cha tumbo kilichotiwa rangi za kawaida. Alipotumia rangi yenye madini ya fedha, bakteria waliopinda walijitokeza weusi. Ingekuwa ni uchafu uliomezwa, wangetapakaa juu ya ute pamoja na mabaki ya chakula. Hawa walikuwa chini ya ute, wamegandamana na seli na kuingia vishimoni. Aliwakuta kwa takriban nusu ya wagonjwa waliokatwa vipande hivyo, na kila walipokuwapo, ukuta wa jirani ulikuwa umevimba na kujaa seli nyeupe za damu.

Msomaji atauliza kwa nini wengine hawakuwaona. Ukweli ni kwamba baadhi waliwaona tangu zamani, lakini ushahidi wao ulipingika kwa urahisi. Waliochunguza maiti walikuwa na tatizo: tumbo la maiti huanza kujimeng'enya mapema, na bakteria wengine huingia baada ya kifo. Mwaka 1954 Eddy Palmer wa Marekani alichunguza vipande zaidi ya 1,000 vya watu walio hai asiwaone, kwa kuwa rangi za kawaida huwaonyesha kwa shida. Warren alikuwa na faida mbili: vipande vibichi vilivyochukuliwa kwa endoskopi na kuhifadhiwa papo hapo, na rangi inayofaa.

Wapo wanaosema ni bahati tu, kwa kuwa bakteria hao walioteshwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1982 baada ya sahani kuachwa siku nyingi kuliko kawaida wakati wa Pasaka. Bahati hiyo ilikuwapo, lakini ilikuja miaka mitatu baada ya Warren kuwaona, na ilimfaa mtu aliyekwisha kujua anatafuta nini.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuwapo si kusababisha. Ni kweli, na hadubini pekee isingetosha. Ilihitajika hatua ya Marshall, ambaye siku kumi baada ya kuwanywa bakteria hao, ukuta wa tumbo lake ulionekana umevimba; ikahitajika pia tiba iliyoonyesha kwamba wakiuawa, vidonda hurudi kwa nadra. Hata hivyo anatomia ilijibu swali gumu: bakteria wa tumboni huletaje kidonda katika duodeni, yaani mwanzo wa utumbo? Hawashiki kwenye seli za kawaida za utumbo. Hushika pale ambapo asidi nyingi imefanya ukuta wa duodeni uote seli za aina ya tumbo.

Si kila kidonda ni chao. Dawa za maumivu kama aspirini nazo huchimba, na wengi wenye bakteria hawa hawapati vidonda kamwe. Lakini mgonjwa anayeacha pilipili na kulaumu mawazo bila kupimwa anahangaika na mambo ya pembeni. Akikutwa na bakteria hawa, ambao jina lao ni *Helicobacter pylori*, antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi huweza kumponya kabisa, na mlango wa tiba hiyo ulifunguliwa na swali la mahali.