Radio Congolia: muziki ulipita, nani aliuchunga?

Kila mara tunapoandika juu ya rumba, tunaanza na sahani. Tunataja « Marie-Louise » ya Wendo, 1948, kwa Ngoma, halafu tunaendelea. Mimi naona historia hiyo iko na shimo, na ndani ya shimo kuna redio.

Radio Congolia ilianza Léopoldville mwaka 1939, mali ya Mbelgiji Jean Hourdebise. Batu wengi wa cité hawakuwa na poste nyumbani. Vipaza sauti viliwekwa inje, wakasikiliza pamoja. Wendo alipiga kwa redio hiyo mbele ya kutoa sahani yenye siye wote tunajua. Kumbe masikio ya mji yalishamuzoea. Sahani haikumuzaa, ilimukuta.

Lakini sahani njo ilibaki. Cha hewani kilienda na upepo, na siye tunaandika paka kile kilichobaki.

Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, tukashangilia. Sawa. Ila juzi niliomba redio moja ya mji wetu kaseti za emisyo ya muziki ya miaka ya 90. Wakacheka: « Tulisharekodi matangazo juu yake. » Pale hakuna Mbelgiji wa kulaumu.

Wewe mwenye uko na kaseti ya baba chini ya kitanda, usiitupe. Andika tarehe, andika jina la mwimbaji. Mémoire yako inaweza kuanzia hapo.